Mto wa Inchi Mbili

Mkono wa kushoto unaufikia usukani.
Wa kulia unakifikia kitasa cha nguvu za injini.
Miguu ndiyo yenye neno:
nikisogeza kiti mbele nizipate pedali
usukani unanigusa kifua,
nikikirudisha nyuma nipate kupumua
vidole vya miguu vinapapasa hewa
kama mtu ashukaye ngazi gizani
akidhani kimebaki kidato kimoja.

Na mbele yangu, badala ya Kisumu, kuna plastiki:
dashibodi nyeusi iliyopasuliwa na jua,
juu yake mbingu nyembamba kama ukingo wa sahani.
Barabara ya kurukia siioni. Naisadiki tu.

"Wewe mfupi, Kageha," asema Kapteni Mulongo,
bila ubaya, kama asemaye leo Jumanne.
Yeye magoti yake yanagonga chini ya paneli,
suruali zake zote zimechakaa mahali pamoja,
na hakuna aliyewahi kumwambia ni mrefu.

Siku ile tuliruka kuelekea ziwani.
Nilikuwa nimekisukuma kiti, nikasikia kach, nikaamini.
Kumbe pini haikuzama tunduni.
Pua ilipoinuka, kiti kikateleza reli nzima hadi nyuma,
mimi nacho, na usukani nami,
maana ndio kitu pekee nilichokuwa nimekishika.
Pua ikazidi kupanda. King'ora kikalia kama mwanambuzi.
Ziwa likatoweka kiooni
na Kapteni akasema neno moja:
"Achia."

Kuliandika ni rahisi.

Jioni nilimweleza mama nusu ya habari.
Mama hushona Kibuye, nyuma ya wauza mitumba.
Hakuuliza tulikuwa juu kiasi gani. Aliuliza:
"Hicho kiti kilikatwa kwa kipimo cha nani?"
Sikujua. Cha mtu wa mbali, nadhani, wa zamani,
mwenye mapaja marefu, asiyevaa sketi.

Akavua futikamba shingoni,
akanipima nyonga hadi goti, goti hadi kisigino,
bega hadi ncha ya kidole cha kati,
akaandika kwa chaki mezani, pini zikiwa mdomoni:
"Miaka thelathini nashona.
Mteja huja gauni limembana.
Sijawahi kumpunguza mteja."

Sponji ngumu, inchi mbili chini, tatu mgongoni.
Turubai ya kijani iliyobaki kwenye mikoba ya shule.
Mikanda minne, ya kufunga,
kwani kisichofungwa hutembea.

Nami nikaanza kujifunza kwa vidole.
Kuna vitasa viwili jirani, karibu pacha:
kimoja hulipa kabureta joto,
kingine, ukikivuta, huinyima injini mafuta.
Cha kwanza laini. Cha pili kina meno ukingoni.
Nyumbani umeme ukikatika tunajua hivyo hivyo,
kopo la chumvi lina kibonyeo ubavuni, la sukari halina,
na chai haijawahi kuharibika.

Alhamisi. Upepo kutoka ziwani, mwepesi.
Nimefunga mto. Natingisha kiti.
Natingisha tena.
Kapteni anatazama saa; natingisha mara ya tatu.

Kisha mabati ya Nyamasaria yanapita chini,
kisha mashamba ya mpunga ya Ahero, vipande vipande, yenye maji,
na juu ya dashibodi, bila kunyoosha shingo, bila kusadiki,
Nyando yenyewe, rangi ya chai ya maziwa, ikijipinda kuelekea ziwani.
Nimekalia mto, nauona mto.
Nacheka peke yangu. Kapteni hauoni utani.

Tukishatua, injini imezimwa, propela inatikisika mara ya mwisho,
anajikuna goti, anaangalia dirisha la upande wake.
"Huyo fundi wako," anasema,
"hushona na vya magoti?"